Sindano Asiyoijua Mama Mkwe

Ndugu zangu, haya niliyataka mwenyewe. Nauza vitenge hapa Tunduma. Baada ya mtoto wa pili, mimi na mume wangu tulikubaliana nipumzike kuzaa, ila mama yake asijue. Jirani yangu aliweka kijiti cha kuzuia mimba mkononi, akawa anatokwa damu ovyo ovyo. Nikaogopa, nikachagua sindano.

Nesi alinieleza maudhi ya sindano, lakini mawazo yangu yalikuwa bado kwenye kijiti cha jirani. Basi hedhi ilipokoma na magauni yakaanza kunibana, nikaamini sindano imeshindwa kazi. Nikamwambia mume wangu nina mimba. Siri ya mimba ikamshinda, akampigia mama yake, naye akavuka mpaka kutoka Nakonde, Zambia, kunisindikiza zahanati.

Nesi alipopima mkojo, akauliza, "Huyu ni mama yako?"

"Ndiyo," nikajibu.

"Basi naye asikie. Huna mimba. Sindano ya uzazi wa mpango husimamisha hedhi, na wengine hunenepa."

Mama mkwe akanigeukia taratibu. "Sindano gani, mwanangu?"

"Ya malaria, mama."

"Ya malaria," nesi akasema, "haichomwi kila baada ya miezi mitatu."