Mkoba Uliobaki Kaporogwe

Miezi ya kwanza Tukuyu, Siham alikuwa akikaushia nguo kwenye jiko la mkaa. Kwao Mombasa shuka likianikwa asubuhi, adhuhuri unalikunja. Hapa Kawetele, pembeni mwa Tukuyu, alianika Jumatatu akaanua Alhamisi, na bado lilinuka ubichi. Alikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa. Mumewe, Naseeb, fundi wa mitambo, alipata mkataba wa miaka miwili kwenye kiwanda kimoja cha chai, wakavuka mpaka na masanduku yao, na Siham akajikuta kwenye nyumba ya vyumba viwili katikati ya migomba, hamjui hata mtu mmoja.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kinyakyusa aitwaye Tupokigwe, anayeishi nyumba ya mbele. Alikuwa mama mkarimu, lakini Kiswahili chake kilipita njia zake mwenyewe, na cha Siham kikapita zake. Siku ya kwanza Siham alimwomba amwelekeze wapi atapata tungule. Mama akafikiri sana, akaingia ndani, akatoka na kitunguu. Siham alikipokea kwa mikono miwili akashukuru. Ilimchukua wiki nzima kufahamu kwamba hapa tungule huitwa nyanya, na kwamba angeweza kuzichuma nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Naseeb alitoka saa kumi na mbili asubuhi, akarudi magharibi, mikono inanuka grisi na majani ya chai.

"Siku yako ilikuwaje?" aliuliza kila siku.

"Nzuri," Siham alijibu kila siku.

Jumapili ilikuwa siku ya matembezi. Naseeb ndiye aliyeianzisha. Walikwenda Daraja la Mungu, wakasimama kutazama mto Kiwira ukipita chini ya jiwe. Walikwenda ziwa Masoko, maji yametulia ndani ya bakuli la mlima. Walipanda mpaka Kinyala kutazama mlima Rungwe kwa karibu, wakanyeshewa wakarudi. Kila mahali Siham alipiga picha akamtumia mama yake, na mama yake akajibu kwamba binti yake amekuwa mtalii. Siham alizitazama zile picha akamwona mwanamke anayetabasamu, akajiuliza ni nani yule.

Jumapili moja ya mwezi wa tano walikodi bajaji ya kijana aitwaye Obed, wakateremka hadi maporomoko ya Kaporogwe. Njia ilikuwa mbovu, wakafika viuno vimekufa ganzi. Lakini maji yale! Yalimwagika kutoka juu kama pazia, na nyuma yake palikuwa na pango ambalo mtu aliweza kuingia akayatazama kwa ndani. Siham aliweka mkoba wake juu ya jiwe kavu ili apige picha kwa mikono miwili. Kisha Obed akapiga honi kule juu kwa sababu wingu lilikuwa linakuja, wakapanda mbio, wakicheka, wameloa mpaka kwenye mifupa.

Walikuwa wameshafika nyumbani, adhana ya magharibi inasikika kutoka mjini, ndipo Siham alipoinua mkono kutafuta mkoba begani asiuone.

Alikaa chini pale pale mlangoni.

"Mkoba tu," alisema Naseeb. "Simu si unayo mkononi? Mkobani mlikuwa na nini?"

"Leso. Kitana. Na pasipoti yangu."

Naseeb aliingia ndani. Alikwenda kabatini, akavuta droo, akatoa bahasha ya kaki ambamo waliweka karatasi zao zote. Pasipoti yake ilikuwamo. Cheti cha ndoa kilikuwamo. Akairudisha bahasha taratibu.

"Tulikwenda kutazama maji, Siham. Pasipoti ya nini?"

Angeweza kudanganya. Angesema alitaka kusajilia laini ya simu, naye angeamini, kwa kuwa Naseeb ni mtu wa kuamini. Lakini alikuwa amechoka, amelowa, na uongo mwingine ulikuwa mzigo asioweza kuubeba jioni ile.

"Naibeba tangu masika yaanze," alisema. "Kila nikitoka. Hata nikienda sokoni."

"Ulitaka kuondoka?"

"Sijui. Nilitaka nijue kwamba naweza."

Mvua iliangukia bati kwa nguvu. Naseeb alivua viatu, akavipanga pamoja ukutani, akaja akakaa naye sakafuni.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Ndiyo maana nilishindwa kusema. Ningesema nini? Kwamba kuanzia asubuhi hadi jioni nazungumza na sufuria? Unarudi umechoka, unaniuliza siku ilikuwaje, nakwambia nzuri, basi tunakula tunalala. Jumapili unanipeleka kuona maji na milima unayoipenda, nami navumilia kwa sababu nakuona umefurahi."

Naseeb aligeuka akamtazama vizuri.

"Ninayoipenda mimi?"

"Si wewe unayependa kutembea?"

"Siham, wallahi, miguu yangu inaniuma. Nasimama kwenye mashine siku sita. Mimi nilikusikia unalia ukizungumza na mama yako kwenye simu, mwezi ule wa kwanza. Nikasema nikikuonyesha vitu vizuri utapoa. Nikaona unapiga mapicha, nikasema, alhamdulillahi, dawa imekubali. Ningeachaje?"

Siham alimtazama mumewe, suruali imejaa tope la Kaporogwe hadi magotini, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Naseeb naye akacheka. Miezi minane walikuwa wakiburuzana milimani, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake.

"Ukitaka kwenda nitakupeleka stendi mwenyewe," Naseeb alisema walipotulia. "Nitakubebea na sanduku. Ila usiniondokee kimya kimya."

"Sitaondoka kimya. Na sasa hata nikitaka, nitavuka mpaka kwa kuonyesha kitana?"

"Kitana nacho kimepotea."

Asubuhi Naseeb aliomba ruhusa kazini, wakaenda polisi kutoa taarifa ya kupotelewa. Wakiwa kwenye benchi wanasubiri, simu ya Siham iliita. Alikuwa mama Tupokigwe, anapiga kelele kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Ludini nyumbani! Kuna mgeni wenu. Amekataa chai, amekataa kiti, anataka mwenye sula ya kwenye picha tu!"

Walimkuta mwanamke wa makamo amesimama uani, kanga imefungwa kifuani juu ya sweta, mkoba wa Siham ameukumbatia kama mtoto mchanga. Jina lake Ikupa. Alikuwa ameteremka mtoni jana jioni kutafuta ndama wake, akauona mkoba juu ya jiwe. Watu wa juu walimwambia wageni walikuja na bajaji ya Obed. Basi alfajiri alipanda gari la ndizi hadi Tukuyu, akamtafuta Obed stendi, naye akamwelekeza Kawetele. Obed alijitolea kuupeleka mkoba mwenyewe. Ikupa alikataa.

"Shikamoo, mama," Siham alisema, mkono tayari umenyooka.

"Marahaba. Subiri kwanza." Ikupa alifungua pasipoti, akaishika mbali kidogo na macho, akaitazama picha, akamtazama Siham. "Sogea huku kwenye mwanga. Unaitwa nani?"

"Siham."

"Na baba?"

Siham akamtaja baba yake.

"Ni wewe. Lakini kwenye picha umekasirika."

"Walinikataza kucheka."

"Walikosea," Ikupa alisema, akamkabidhi mkoba. Leso ilikuwamo, kitana kilikuwamo. Siham alimkumbatia yule mama asiyemjua, akalia begani mwake hadi sweta likalowa. Naseeb alijaribu kumpa chochote cha kumshukuru, Ikupa akakataa. Chai sasa alikubali, na kiti pia. Alikaa hadi saa sita akila mahamri ya Siham, akimtafsiria mama Tupokigwe yale ambayo Siham alikuwa ameshindwa kuyasema kwa miezi minane, na kumtafsiria Siham majibu. Ilijulikana kwamba mama Tupokigwe alikuwa anaogopa kumsumbua. Alidhani wanawake wa pwani hawapendi kutembelewa.

Kuanzia hapo, kila siku ya soko Ikupa alipoleta ndizi mjini alipita Kawetele. Mama Tupokigwe naye aliacha kubisha hodi, akawa anaingia tu. Pasipoti ikarudi kwenye bahasha ya kaki. Aliyeirudisha ni Siham mwenyewe, bila kuambiwa.

Mwezi wa saba alikwenda Mombasa kwenye harusi ya dada yake. Naseeb alimpeleka stendi na sanduku alibeba, kama alivyosema. Alikaa kwao wiki tatu. Alilala chini ya feni, akala samaki kila siku, akasimulia baridi hadi shangazi zake wakamwonea huruma. Wiki ya tatu alijikuta akiuliza kwenye simu kama ndama wa Ikupa amepona kikohozi.

Alirudi jioni moja ya ukungu. Naseeb alikuwa stendi, mikono mfukoni, na mama Tupokigwe kando yake ameshika kitenge kizito. Kabla Siham hajakanyaga chini vizuri, mama alishamfunika nacho.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Ndaga fijo, mama," Siham alishukuru kwa Kinyakyusa, akajaribu kuongeza salamu ndefu aliyofundishwa na Ikupa kwa simu. Aliivuruga. Wauza mahindi wakaangua kicheko, mmoja akamsahihisha, na Siham akairudia kwa sauti zaidi, anatetemeka kwa baridi, hadi ikatoka sawa.