Mabomba Kumi na Matatu ya Fundi Koki

Tarehe 6 Novemba 2017 Fundi Koki alifunga bomba lake la kwanza la kutapishia choo, nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu. Tarehe hiyo aliichora kwa msumari saruji ilipokuwa bado mbichi, na mpaka leo inasomeka.

Lenyewe halina maajabu. Ni bomba la inchi nne linalotoka ubavuni mwa shimo la choo hadi kwenye mtaro wa maji ya mvua, na mdomoni lina kizibo cha mti kilichozungushiwa mpira. Siku za jua kizibo kinakaa. Mvua ikichachamaa, mwenye nyumba anakichomoa, shimo linatapika, na maji yanabeba aibu ya watu. Hakuna haja ya kuita gari la maji taka, ambalo kwenye vichochoro vile halipiti hata likibembelezwa. Mtaa wa juu ulimsifu. Kufikia mwaka jana alikuwa amefunga kumi na matatu.

"Huo uchafu unakwenda wapi?" mkewe aliwahi kumuuliza.

"Mtoni. Mvua haina mchezo, mama."

Ulikuwa ukienda kwa watu wa mtaa wa chini, kwa sababu mtaro umejaa mchanga na taka, unafurika kabla ya kufika mtoni. Fundi alilijua hilo, ila hakulitia moyoni.

Machi mwaka huu binti yake wa pekee alihamia huko chini na mumewe na mtoto wa miezi saba, chumba kimoja, kwa kuwa pengine walikosa. Fundi alikwenda kuwainulia kizingiti kwa matofali mawili, akawaambia walale usingizi.

Mvua kubwa ilinyesha Jumapili mchana. Wateja watatu walimpigia simu: vizibo vimevimba, havitoki. Akaenda na nyundo, akavitoa vyote.

Kesho yake alimkuta binti yake amekunja sketi, anasugua sakafu. Kizingiti hakikusaidia kitu. Uchafu ulipandia tundu la bafu. Godoro limeegemezwa ukutani, linachuruzika maji meusi.

"Usikanyage hapo, baba. Tulipata wageni, wala hawakubisha hodi."

"Mvua ilizidi, mwanangu."

"Mvua gani inanuka hivi? Wanafungulia huko juu. Ningemjua anayewafanyia kazi hiyo, ningemnywesha kwa kikombe."

Fundi akachukua ufagio, akaanza kusugua.

Jumatano mtoto alianza kuhara. Alhamisi alilazwa, macho yamezama, sindano ya dripu imefungwa kichwani. Mchana huohuo Fundi alibeba mfuko wa saruji hadi kwa mwalimu. Mke wa mwalimu akasimama mlangoni.

"Unaziba, halafu sisi tukajisaidie mfukoni?"

"Mjukuu wangu yuko wodini, shemeji."

"Pole sana. Lakini si wewe uliyetufungia? Leo umekuwa bwana afya?"

Wapangaji wa nyumba ile wakaangua kicheko. Mmoja akamnyang'anya mfuko, akaumwaga mtaroni.

Jioni, wodini, Fundi alimweleza binti yake yote, kuanzia bomba la kwanza. Binti alikuwa akimnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Hakunyanyua uso.

"Mangapi?"

"Kumi na matatu."

"Na Jumapili?"

"Matatu niliyafungua mimi."

Kijiko kikasimama hewani, kisha kikaendelea.

"Toka, baba. Nenda kawaambie wanaohusika. Mimi usinipigie magoti hapa."

Ijumaa asubuhi, katika ofisi ya afya ya manispaa, alitaja nyumba moja baada ya nyingine, na upande ambao kila bomba linatokea. Bwana afya aliandika, kisha akaweka kalamu chini.

"Aliyeyajenga?"

"Mimi."

"Mzee, nikiandika hilo na wewe umo."

"Andika."

Idara ya hali ya hewa imetangaza mvua kubwa Jumapili. Vibarua wa manispaa hawafanyi kazi Jumamosi wala Jumapili. Wataanza kuziba Jumatatu saa mbili asubuhi, Fundi akiwaonyesha nyumba kwa nyumba. Kesi yake ya kujenga mabomba hayo itatajwa mahakamani Alhamisi.