Mwito wa Tatu

Karani wa vyumba katika hoteli ile ya Diani hakuwa akiitika mwito wa kwanza, wala wa pili. Vidole vyake vyenye hina vilikuwa vikigonga meza polepole, na mwito wa tatu ukifika, ndipo husema kwa upole, "Abee."

"Jini haiti mtu mara tatu, mwanangu," alimwambia Owen, fundi wa kompyuta kutoka bara, aliyedhani ni kiburi.

Barua pepe nazo alizijibu vivyo hivyo, mpaka ifike ya tatu. Miaka ile ya tisini programu ilikuwa ikizimika kila inapochambua barua, na ikiwashwa, barua zile zile zimezaana. Owen alimsihi azifute nakala. Hakugusa hata moja.

Asubuhi moja ikaingia barua ya mgeni aliyezama baharini mwezi uliopita: "Niwekee chumba kile kile. Ninakuja." Programu ikazimika. Ilipowashwa, zikawa mbili.

"Ni barua yake ya zamani, mama, mashine inairudia tu," alisema Owen.

Ikazimika tena. Zikawa tatu.

Vidole vikaacha kugonga. Karani akatungua ufunguo ukutani, akautazama mlango uliokuwa nyuma ya Owen, akasema kwa upole:

"Abee. Karibu."