Mkongo wa Hondohondo

Siku tuliyoangusha mti wa mkongo kule Vihingo naikumbuka, mwanangu, mpaka harufu ya magome yake. Nilikuwa sijamaliza mwaka tangu niolewe na marehemu mume wangu, Seif, na tulikuwa tunachoma mkaa wa kuuza Maili Moja.

Mti ule ulikuwa na tundu juu, limezibwa kwa udongo, umebaki ufa mwembamba tu. Kila asubuhi ndege hondohondo, dume, alikuja na tunda mdomoni, akalipenyeza kwenye ufa. Jike yumo ndani na mayai yake, amejifungia mpaka makinda wakue, manyoya ya mabawa yamemtoka, kuruka hawezi.

Hayo nilikuwa nayajua. Shangazi yangu Tatu alinifundisha ndege tangu naenda naye kuokota uyoga: dudumizi, ninga, chozi, hondohondo, kila mmoja na mambo yake. Nilijua, na sikusema. Seif ameshanoa shoka, mimi mke mgeni, naogopa kuchekwa kwamba namwonea huruma ndege. Basi nikashika kamba, nikavuta.

Mti ulipolala, tundu likapasuka. Nilichokiona humo sitakusimulia. Dume alikaa mti wa pili siku tatu, na tunda lake mdomoni.

Shangazi aliposikia alikuja kwa miguu. Nikamwamkia, akaitikia, kiti akakataa.

"Ulipokuwa mwali, umewekwa ndani, nani alikupitishia chakula mlangoni?"

"Wewe, shangazi."

"Kuna mtu alikuja kutubomolea nyumba?"

Shangazi akasema yeye hamlaumu Seif, kwa kuwa Seif hakujua. Aliyejua ni mimi. Akaondoka, hata maji hakunywa.

Sasa mjukuu wangu Zuhura, yule wa Kibaha, amesomea kuongoza wageni wanaokuja huku Pwani kutazama ndege. Misitu yetu ya Kisarawe wanaipenda sana. Majuzi akaja na wageni wake wa kwanza kabisa, darubini shingoni, ananiomba: "Bibi, wametoka mbali wamwone hondohondo akiwa kwenye kiota. Nionyeshe mti mmoja tu."

Nikatangulia. Dudumizi tukamsikia, chozi tukamwona, na kila jina nililotaja Zuhura akaliandika, anawatambia wageni kwamba bibi yake ni daftari linalotembea. Mwisho nikasimama kwenye nyasi, penye kisiki. Sikuwa na mti mwingine wa kumwonyesha.

"Ni hapa."

"Hapa wapi, Bibi?"

Ikabidi nimweleze, wageni wamesimama. Hakunikaripia. Alifunga daftari lake, akawaambia warudi kwenye gari. Afadhali angenikaripia.

Ndiyo maana nakwambia wewe, mwanangu. Nenda misituni, wapo siku hizi wa kukufundisha, azima darubini, jifunze majina yote. Lakini usiyaweke moyoni tu kama mimi nilivyoyaweka. Ukijua kitu, kiseme shoka likiwa bado begani. Wakikucheka, watacheka siku mbili, watachoka. Mimi nilikwepa kicheko cha siku mbili, na kile kisiki nakiona mpaka leo.

Mungu akupe macho ya kuona na ulimi usioogopa. Na siku mjukuu wako atakapokuuliza mti uko wapi, mfike mkute tundu limezibwa vizuri, umebaki ufa tu, na dume anakuja na tunda lake.