Pipa Uani kwa Wakwe

Mnicheke tu, ndugu zangu. Kazi yangu mgodini Geita ilikuwa kutoboa mapipa matupu ya sumu ya kuchenjulia dhahabu, watu wasije wakayatekea maji.

Siku moja nikakuta pipa la namna ileile uani kwa wakwe zangu, lina maji. Kumwuliza mama mkwe haiwezekani. Kwetu Usukuma mtu na mkwewe hawatazamani. Nikapiga kelele, "Sumu! Mtakwisha!" nikalivuta, likapinduka, nikalowa chapachapa.

Nyuma yake alikuwa amechutama mama mkwe, kajificha nisimwone. Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Baba," akasema, "hili si lile la mafuta ya karanga ulilotuletea mwenyewe siku ya harusi?"