Siku Tatu za Ukuta wa Bi Salma

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, haikuwa siku ya mvua. Ilikuwa asubuhi ya jua kali, nami nimesimama juu ya paa la Bi Salma, Mji Mkongwe, nikitazama ufa. Haukuwa mkubwa, kijiti cha kibiriti kingepita kwa shida. Ulianzia chini ya mlingoti wa chuma nilioufunga kwa mikono yangu, ukateremka upande wa uwani, nami nikaufuata kwa macho hadi ulipoishia.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulikuja na fulana mpya, ukaniambia umepata kazi ya kuvuta intaneti katika zile nyumba mpya za Fumba. Nilikupa mkono wa heri, lakini tangu hapo moyo wangu haujatulia. Kampuni hiyo unayoisifu mimi naijua. Naijua kwa majina mengine matatu.

Wakati wangu ilikuwa kampuni ya televisheni ya waya. Meneja, mgeni mmoja mcheshi, alinihadithia asili yake tukiwa juu ya mapaa. Ilianza katika mji mdogo wa nchi ya baridi, uliozungukwa na milima, ambako picha za televisheni hazikufika. Muuza redio mmoja akasimamisha antena kileleni, akateremsha waya hadi nyumba za jirani zake. Wanawe wakanunua kampuni ya mji wa pili, kisha za nchi ya pili, wakavuka bahari, wakatufikia sisi. Meneja akaniambia kwamba iko siku waya huohuo utabeba simu na barua na kila kitu. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nimemaliza kidato cha nne, na nilisikiliza kama anayehadithiwa habari za ukoo wake mwenyewe.

Walinichukua kwa sababu moja. Vichochoro vyetu havina nafasi ya nguzo, kwa hiyo waya ulipita paa kwa paa, na paa la Mji Mkongwe hupandi kimyakimya. Unapiga hodi mlangoni, unapanda, na ukifika juu unapaza sauti tena na kutaja jina lako, ili wanawake walio uwani na kwenye mapaa ya jirani wajistiri. Mgeni angefukuzwa. Mimi nilipotaja jina, watu waliijua sauti, wakamkumbuka mama yangu.

Bi Salma alikuwa mjane, shoga wa marehemu mama. Nilimwomba ruhusa ya kuweka mlingoti juu ya ukuta wa paa lake, nyaya za nyumba nne zipitie hapo. Aliniuliza jambo moja tu, kama ukuta utahimili. Nikamwambia utahimili. Kampuni ilikuwa na fomu ya ukaguzi. Ilitakiwa fundi aukague ukuta kwanza. Mimi niliupiga kofi mara mbili, nikaandika kwamba ni imara, nikatia saini. Saini yangu ilikuwa nzuri wakati ule, yenye mkia mrefu.

Sasa ufa ule. Wakubwa kutoka makao makuu walikuwa wanakuja wiki ileile, na meneja alikwishanidokeza kwamba wakiridhika nitakuwa mkuu wa mafundi. Nikisema kuna ufa, mlingoti utashushwa na nyumba nne zitakosa picha mbele ya wageni. Nikakoroga saruji kwenye kopo, nikaziba, nikapaka chokaa juu yake. Ukisimama mbali huoni kitu.

Fundi Makame aliona. Alikuwa mtu wa Tumbatu, fundi wa chokaa, mikono yake imekauka kama udongo wa tanuri. Alipanda kutengeneza paa la jirani, akaja hadi ukutani, akakwaruza kwa ukucha.

"Nani kaziba hapa?"

Nikasema sijui.

Akanitazama viatu. Vilikuwa na saruji.

"Ukuta huu ni mawe na chokaa, Seif. Chokaa inapumua. Ukiifunga kwa saruji, maji yakiingia hayatoki. Mvua ya kwanza utakunywa, ya pili utalewa." Akafuta mikono. "Mimi nakwenda kwetu, namuoza binti yangu. Siku tatu. Nikirudi nitamwambia mwenye nyumba, lakini ni bora aisikie kwako. Na leo hii umwambie asipite chini yake."

Mwanangu, nilikuwa na siku tatu.

Siku ya kwanza nilikwenda. Bi Salma akanikaribisha, akanimiminia kahawa, akaniuliza lini nitaoa au nangoja wachumba wazeeke. Nikacheka. Alikuwa anapita uwani na sinia, na kila alipokaribia ukuta ule niliinua macho kuutazama. Nikanywa, nikaaga. Usiseme nilisahau. Maneno yalikuwa mdomoni, nikayameza pamoja na kashata.

Siku ya pili wageni walikuja, wakatazama, wakanipiga bega. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Fumba. Jioni nikapitia kwa Bi Salma tena, nikanywa kahawa tena. Nilijiambia wakiondoka tu nitasema. Usiku ikanyesha, nyepesi. Asubuhi nilikwenda kuutazama ukuta. Umesimama, na moyo wangu mpumbavu ukapata nguvu.

Siku ya tatu mvua ya masika ilishuka saa nne asubuhi, ile inayofunga mji. Nilikuwa ofisini. Nilitazama maji yanavyotiririka kwenye kioo, ghafla nikainuka, nikakimbia bila viatu. Nilifika mlangoni kwake nimeloa chapachapa, nikapiga hodi kwa nguvu. Nikamsikia akiitika kutoka chumba cha nyuma, akisema anakuja, ngoja avae kanga. Kutoka chumba kile hadi mlangoni hakuna njia nyingine ila uwani. Nikapiga kelele asije, abaki alipo. Mvua ilikuwa kubwa kuliko sauti yangu.

Hakufa. Ukuta ulimwangukia, ukamvunja mguu wa kulia, na daktari hakuweza kuuokoa. Nyumba ikawa haikaliki. Akahamia mtaa wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, kwa mtoto wa dada yake, chumba kimoja, na mjini hakurudi.

Kampuni ikafungua faili. Ndani yake mlikuwa na fomu yangu. Meneja akaonyesha saini, akasema wao waliambiwa ukuta ni imara, na kweli waliambiwa. Mwaka uliofuata kampuni ikanunuliwa na nyingine. Mimi na huyo mtoto wa dada yake tukaandika barua ya kumwombea msaada. Wapya wakajibu kwamba hilo lilikuwa la wa zamani. Baadaye nao wakanunuliwa, na wa tatu hata faili hawakuliona. Jina mlangoni lilibadilika tena, likawa hilo la kwenye fulana yako, rangi za magari zikabadilika, waya wa shaba ukawa wa nyuzi za kioo, hizo za intaneti. Mimi nilibaki Seif yuleyule kwenye kichochoro kilekile.

Watu wote walisema ni mvua, na Bi Salma naye alisema ni mvua, ni kadari. Nikamwacha aamini hivyo miaka miwili. Fundi Makame aliporudi hakumwambia, aliniachia mimi. Alikuwa akiitika salamu yangu huku akitazama pengine. Mwishowe nikaenda Ng'ambo, nikaketi chini mbele ya Bi Salma, nikamweleza fomu, ufa, saruji, kila kitu.

Akauliza, "Zile siku mbili ulizokuja kunywa kahawa yangu, ulikuwa unajua?"

"Naam, bibi. Nilikuwa najua."

"Mguu nimekusamehe. Ajali ya kazi humpata kila mtu. Lakini kahawa ile, Seif, sijui nikusamehe vipi. Nipe muda."

Nilimpa. Alifariki kabla hajanijibu.

Basi mwanangu, sikukatazi kazi. Vuta nyaya, jifunze, upande cheo. Lakini karatasi ya kitu usichokikagua usiitie saini, hata meneja akikusimamia kichwani. Na ukikosea, maana utakosea, mwendee aliye hatarini siku ileile, kabla hujakaa, kabla hujapokea kikombe. Msahaulifu na mzembe huonewa huruma. Aliyejua akanyamaza hana pa kujitetea.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi wewe na kila atakayelala chini ya kazi ya mikono yako, na akupe ulimi usiochelewa. Amin.