Mgongo wa Tam Yuk-lin

Hong Kong nzima iliujua mgongo wa Tam Yuk-lin, ila sura yake hakuna aliyeijua. Alikuwa mbadala. Mwigizaji mrembo alisema maneno yake na kukunja uso mbele ya kamera, kisha Yuk-lin akavaa joho lile lile na nywele zile zile za bandia, akapanda juu ya paa na kuruka. Zaidi ya yote, alitakiwa ahakikishe uso wake hauonekani.

Mimi nilikuwa nashona majoho hayo katika studio moja ya Kowloon, miaka ya sabini, filamu za upanga zilipokuwa zinatoka moja juu ya nyingine. Kila asubuhi nilimfunga vitambaa kiunoni na gotini. Uji wake wa mchele alikunywa akiwa amesimama.

"Si ukae kidogo?" nilimwambia.

"Nikikaa, Dada Fung, nani ataninyanyua?"

Aliyemtia kwenye kazi hii ni baba yake, mzee Tam Wing-cheung, fundi viatu wa Sham Shui Po. Yuk-lin alipokuwa mdogo, mzee alikuwa akiwasomea majirani hadithi ya mashujaa wa upanga iliyotoka gazetini kila siku. Wengi pale kichochoroni hawakujua kusoma. Katika hadithi hizo kulikuwa na wanawake waliotembea juu ya maji na kuruka kuta za mji bila kutoa jasho. Yuk-lin alisikiliza akiwa mdomo wazi, na mzee alipoona hivyo akampeleka shule ya opera, michezo ya Kichina ya kuimba na kupigana, akajifunze upanga. Huko alijifunza zaidi kuanguka, na kuchapwa asipoanguka vizuri.

Basi mwaka ule tulikuwa tunamalizia filamu ya mwalimu mmoja mzee wa kike, ambaye mwishoni anawakabili wauaji wake uani, anamuaga mwanafunzi wake, na kufa bila kuuchomoa upanga. Mwigizaji wake aligombana na mwongozaji, Bwana Yiu, akaondoka na hakurudi. Bwana Yiu akazunguka studio nzima amekasirika, mwisho akasimama mbele ya Yuk-lin.

"Wewe. Leo huruki. Utapakwa uzee, utasema maneno machache, halafu ufe."

"Kufa nakuweza, bosi. Kusema ndiko sikuwezi."

"Fungua mdomo tu. Sauti tutaweka baadaye."

Alipakwa mikunjo, nikamvika joho la kijivu, akasimama uani. Kamera ikaanza. Ilipomkaribia tu, Yuk-lin akageuza kichwa pembeni.

"Kata! Tazama huku!"

Wakaanza upya. Akageuka tena.

"Yuk-lin, geuza uso!"

"Nimegeuza, bosi."

"Umeugeuzia ukuta! Ukuta umekata tiketi?"

Watu wakacheka. Baada ya kurudia sana hawakucheka tena, maana kila mtu alitaka kwenda kwake. Niliitwa nimnyooshee joho. Shingo yake ilikuwa ngumu kama mti.

"Inakwenda yenyewe, dada," alininong'oneza. "Waambie wanitupe kutoka juu ya paa. Afadhali paa."

"Vumilia kidogo."

"Nimechoka kuvumilia."

Wakarudia, na wakarudia. Jua lilikuwa linaondoka uani, na Bwana Yiu alikuwa amekwisha kukaukiwa sauti. Safari ya mwisho kamera ilipomjia, Yuk-lin alibaki palepale. Hakuna aliyemfundisha kitu, wala hakujipa moyo. Hata nguvu ya kujificha ilikuwa imekwisha. Aliitazama kamera kama mtu anayetazama ngazi ambazo bado hajazipanda, akasema maneno yake, akapiga magoti polepole kwa sababu goti halikukubali haraka, akafa. Bwana Yiu hakusifu. Alisema tu, "Haya, nendeni."

Filamu ilipotoka tulikwenda kuitazama mchana, mimi, Yuk-lin na mzee Wing-cheung, aliyevaa koti lake la sikukuu. Sura ya Yuk-lin ilipotokea, kubwa ukuta mzima, mzee alinishika mkono. Kisha ule mdomo ukafunguka, na ikatoka sauti nyororo ya msichana, kwa Kimandarini safi, lugha ya filamu zile, si ile tuliyoongea sisi.

"Nani huyo anaongea mdomoni mwako?" mzee akauliza kwa sauti.

"Ndivyo wanavyofanya, Baba. Kimandarini changu kibovu."

"Mzee, nyamaza!" mtu wa nyuma akafoka.

"Nyamaza wewe! Huyo ni binti yangu!"

"Yupi?"

"Huyo anayekufa!"

Mzee aligeuka tena mbele, akamtazama binti yake wa ukutani mpaka binti huyo akaanguka. Taa zilipowashwa hakuinuka. Alimgeukia yule wa kitini.

"Umechoka hivyo tangu lini?"

"Ile ni rangi tu, Baba. Walinipaka."

"Nakuuliza tangu lini."

Yuk-lin aliangalia mikono yake. "Zamani, Baba. Tangu zamani."

"Gazetini hawachoki," mzee alisema taratibu. "Nimesoma miaka yote hiyo, sijakuta mahali wanachoka."

Tulikwenda kula tambi. Mzee hakugusa zake. Alizimimina zote katika bakuli la binti yake, na binti akala bila kubisha.

Juma lililofuata Yuk-lin alikuwa juu ya paa tena. Hakuna aliyemwita kuigiza mara nyingine, naye hakuomba. Aliruka mpaka goti lilipokataa kabisa, ndipo nikamwombea nafasi katika chumba chetu cha kushonea, akawa anapiga pasi majoho. Wasichana wapya wa kuruka walipokuja kufungwa vitambaa, aliwafunga yeye mwenyewe. Siku moja mmoja wao alimuuliza kama ni kweli aliwahi kuonekana sura kwenye filamu.

"Kweli," Yuk-lin alisema, akivuta fundo. "Inua mkono. Hapa panauma?"

"Kidogo."

"Basi leo usirukie upande huu."